Titi, Kopo na Kikombe cha Kahawa

Kliniki yetu ya mama na mtoto, pale unapoingilia Mji wa Kale, ilikuwa na benchi refu la mbao, na hakuna aliyewahi kupanga nani akae wapi. Hata hivyo, nikifika asubuhi nikakuta akina mama wamekwisha kaa, ningeweza kukwambia bila kuuliza nani ananyonyesha na nani anatumia maziwa ya kopo. Wanaonyonyesha walijikusanya upande wa dirishani, leso za kujifunika mabegani. Wa kopo walikuwa upande wa mlangoni, mkoba wenye chupa na thamosi ukiwa miguuni. Katikati ilibaki nafasi, na anayekuja kwa mara ya kwanza ndiye aliyekaa hapo, akahubiriwa kutoka kushoto na kulia mpaka jina lake liitwe.

"Mpe ziwa, mwanangu. Hilo kopo ni la ng'ombe, na wewe hukuzaa ndama."

"Na wewe wa ziwa, mbona wako halali? Wangu huyu hapa, mtazame alivyolala."

"Amelala au amelewa?"

"Amelala, na mimi pia nililala. Wewe macho yako mekundu kama umekaanga vitunguu usiku kucha."

Hapo benchi zima hucheka, pamoja na huyo mwenye macho mekundu. Halafu yule mgeni wa katikati anainama kumtazama mtoto wake, na nikimwangalia vizuri naona hacheki.

Nimestaafu sasa. Majuzi wauguzi wawili vijana walikuja kunijulia hali, wamebeba mahamri ya moto, na kabla chai haijamiminwa mmoja akaniuliza, "Sista Wakesho, sasa huna mkubwa wa kukusikia. Tuambie ukweli, ulikuwa upande gani?" Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu jibu langu lina watu ndani yake, na watu hao huwezi kuwamaliza kwa kikombe kimoja cha chai.

Nianze na lililo wazi. Nilifundisha maziwa ya mama tangu siku ya kwanza ya kazi, na mkinipa nafasi kesho nitayafundisha tena. Lakini pia nimewapima watoto wengi waliolelewa kwa kopo, na mmoja wao wiki hii amenibebea gunia la mkaa kutoka barabarani mpaka mlangoni pangu bila kutua. Siwezi kumtazama kijana yule usoni nikamwambia mama yake alimkosea.

Nilikuja Mombasa kutoka Taita nikiwa msichana, nimeshika cheti kipya na imani kubwa katika saa yangu ya mkononi. Siku zile tulifundishwa kwamba mtoto hunyonya kwa saa. Akilia kabla ya wakati, asubiri. Sista Philomena, mkubwa wangu wa kwanza, mwanamke mnene asiyependa haraka, alinitazama nikimpigia mama mmoja hesabu za saa, akangoja mama aondoke, akaniuliza, "Wakesho, wewe ukishikwa na njaa hutazama ukutani kwanza?" Baadaye mafunzo yenyewe yakabadilika, tukaambiwa mtoto anyonye kila anapotaka. Sista Philomena aliitazama tu saa yangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuingia nyumba za Mji wa Kale. Mara ya kwanza nilipokwenda Kibokoni kumwona mama aliyejifungua, nilipiga hodi na papo hapo nikauliza, "Matiti yanauma?" Bibi aliyefungua mlango aliniangalia kama niliyedondoka kutoka dirishani. Sista Philomena akanivuta nyuma kwa mkoba wangu. Akaanza yeye: sabalkheri, na wa nyumbani, na walioko safarini, na mguu wa bibi unaendeleaje, na paka. Nilidhani tunapoteza asubuhi. Tulipokaribishwa ndani, yule bibi alimwambia Sista mambo ambayo hakuna fomu ingeyatoa.

Na kulikuwa na jambo la pili alilonisisitizia, ambalo nawapa nyinyi kama nilivyopewa: ukifika kwa mama anayelalamika kuhusu maziwa, kaa chini, omba umwone akinyonyesha, na usitie neno mpaka mtoto aachie mwenyewe. Angalia mtoto ameshika nini mdomoni, chuchu tu au na sehemu ya titi. Sikiliza kama anameza. Mwangalie mama mabega yake yako wapi, yametulia au yamepanda masikioni. Uliza nepi zinalowa mara ngapi, kwa maana kinachotoka kwa mtoto kitakwambia kilichoingia. Watu wengi, na wauguzi wakiwamo, huanza kushauri mtoto akiwa bado hajafungua mdomo.

Sasa nije kwa Swafiya, maana ndiye ninayemkumbuka kila nikiulizwa swali lile la upande.

Ilikuwa katika miaka yangu ya mwisho kazini. Swafiya alikuwa amezaa mtoto wa kwanza, mvulana, Sabri, na kama ilivyo desturi alikuwa amerudi kwa mama yake kukaa arobaini. Mama yake, Bi Aziza, tulimjua sote. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, na wanawake walimfuata kutoka mbali awafunge mkaja, ile nguo ndefu anayozungushiwa mzazi tumboni ili mwili urudi mahali pake. Mkaja wa Bi Aziza haukulegea. Walisema ukifungwa naye leo, kesho utaukuta kama ulivyoachwa.

Walipokuja kliniki kumpima Sabri, akiwa wa wiki tatu, alikuwa ameshuka uzito. Watoto wote hushuka kidogo siku za mwanzo, lakini kufikia umri wake huo alipaswa kuwa amekwisha rudisha na kupita. Ngozi ya mapajani ilikuwa imelegea, na kilio chake kilikuwa kile chembamba ambacho sisi wa kazi hii hatukipendi. Daktari wetu alimpima, hakuona homa wala ugonjwa, akaandika aongezwe maziwa ya kopo baada ya kila kunyonya na arudi baada ya wiki. Asipopanda, alazwe hospitali.

Bi Aziza alisikia neno moja tu. "Kopo? Nyumbani kwangu? Mimi nimenyonyesha saba!"

Swafiya alimfunika mtoto. Alikuwa amekaa wima kama amemezeshwa fimbo, machozi yanamdondokea mtoto.

Kesho yake nilikwenda kwao Kibokoni. Mlangoni nilisikia kelele kabla ya kupiga hodi. Juu ya nyumba ile alipanga mama mmoja kutoka Ukambani, Mama Mutinda, aliyefanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo Kilindini. Yeye alikuwa kiongozi wa upande wa mlangoni pale benchini, na mwanawe alikuwa mnono mpaka viwiko vyake vilikuwa na mikunjo. Alikuwa ameteremka na kopo lake mwenyewe, limefunguliwa siku hiyo hiyo.

"Mama, mtoto ako na njaa," alikuwa akisema. "Hata kule juu namsikia. Mimi sitaki maneno na wewe. Mpatie tu huyu mtoto akunywe."

"Najua mwana ana ndaa! Sina mato ya kuona?" Bi Aziza alijibu. "Lakini chupa haiingii nyumba hii. Ataonja huo mpira, ziwa la mamake alikatae. Nimeyaona hayo kwa wangapi?"

"Wangu alikataa kwa sababu mimi nilirudi kazini. Bosi angenipea mapumziko, saa hii angekuwa ananyonya. Unafikiri mimi nilipenda?"

Bi Aziza akalitazama lile kopo, kisha akamtazama mwenye kopo. Sidhani aliwahi kumsikia jirani yake akisema hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia, na nilimpima mtoto wake tangu alipozaliwa.

Nikapiga hodi, nikasalimu kama nilivyofunzwa, bila kuruka hata paka. Kisha nikasema kwamba chupa si lazima. Hospitalini watoto wadogo kuliko Sabri huwanywesha kwa kikombe kidogo, kinagusishwa mdomo wa chini, mtoto mwenyewe anaramba kama paka, na wala hasahau titi.

"Kikombe kama kipi?" Bi Aziza akauliza, bado amekunja uso.

"Kidogo, kisicho na mkono, ukingo laini."

Aliondoka bila kujibu. Tulimsikia akifungua kabati. Akarudi na kikombe cha kahawa, vile vya wauza kahawa wa mtaani, cheupe chenye mstari wa buluu, amekishika kwa vidole viwili. "Kama hiki?"

"Kama hicho hicho."

"Basi kichemsheni," akasema, akampa Mama Mutinda. "Wewe ndiwe ujuaye vipimo vya kopo lako. Lakini utatilia hapa, mbele yangu."

Mama Mutinda alikwenda jikoni na kikombe, na nikamsikia akimweleza Bi Aziza, aliyemfuata nyuma kama askari, kwamba maji yachemke kwanza, kwamba kijiko ni kile cha ndani ya kopo na kisirundikwe wala kisipunguzwe. Bi Aziza akauliza kama hakiwezi kupunguzwa kidogo ili maziwa yawe mepesi tumboni. "Ukipunguza, mama, unampatia maji," Mama Mutinda akasema. Niliwaacha. Maelezo yale ningeyatoa mimi, lakini yalitoka vizuri zaidi kwa jirani.

Nikabaki na Swafiya. Nikamwomba amnyonyeshe mtoto kwanza, kabla kikombe hakijaja, nikakaa kwenye kigoda na kunyamaza.

Alimpakata Sabri akiwa amekaa wima vilevile. Akafungua kanzu. Mkaja ulianzia nyongani, ukapanda tumboni, ukapita mbavu, ukapanda tena. Titi lilikuwa limebanwa ndani ya nguo kama mto ndani ya foronya ndogo, na kilichotokea juu ya ukingo kilikuwa chuchu na nyama kidogo sana. Sabri alishika hicho alichokipata, akavuta, akavuta, nikasikia mmezo mmoja, kisha hakuna, kisha akalala kwa kuchoka. Mabega ya Swafiya yalikuwa masikioni.

Nilijua mkaja ule ulifungwa na nani katika nyumba ile. Nilijua pia kwamba nikisema, "Bi Aziza, mkaja wako ndio umemkosesha mjukuu wako maziwa," nitakuwa nimesema jambo ambalo halitasahaulika mtaani mpaka kaburini, na Swafiya ndiye atakayelilipia. Kwa hiyo Bi Aziza aliporudi nilifanya ambalo Sista Philomena angefanya. Nilimwomba anifundishe.

"Bi Aziza, miaka yote hii nasikia sifa zako na sijawahi kukuona ukifunga mkaja. Nionyeshe. Huanzia wapi?"

Alifurahi, akasahau kopo. Akamsimamisha binti yake, akaanza kuufungua huku akinisomesha. "Huanzia hapa, chini ya nyonga. Wavuta kwa pumzi. Watu wengi huvuta kwa mkono, na mkono hauna akili. Kisha wapanda, na wakoma hapa." Akaweka kiganja chini ya mbavu za Swafiya. "Hapa. Usipite. Ukipita..."

Akautazama mkono wake. Nguo ilikuwa bado inafunguka mkononi mwake, mzunguko baada ya mzunguko, na ilikuwa imepita kiganja chake mbali sana. Alipofika mwisho, matiti ya binti yake yalikuwa na mistari myekundu ya kubanwa.

"Swafiya. Ni nani aliyeupandisha huu?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Kwa nini?"

Swafiya alitazama chini. Mama Mutinda alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, hakujua aingie au arudi. Mwisho Swafiya akasema polepole kwamba kuna kundi la kwenye simu la mabinti wa jamaa, waliozaa na ambao hawajazaa, na mle walimwambia kunyonyesha kunaangusha matiti, na mume akija kumchukua baada ya arobaini hatamjua. Wengine walimwambia anyonyeshe lakini ajibane. Kwa hiyo kila mama yake akimaliza kumfunga na kutoka, yeye aliushika mwisho wa nguo na kuuendeleza juu. Alitaka mtoto anyonye na alitaka pia abaki alivyokuwa, na hakuona la kumwambia mtu kati ya hayo mawili.

Nilimtazama Bi Aziza nikiogopa. Alikaa kitandani. Akashika mfuko wa kanzu yake, akatafuta kitambaa, hakukiona, akajifuta machozi kwa mkono.

"Yangu yameanguka tangu wewe na ndugu zako," akasema. "Tena yameanguka yakafika. Na babako alihama?"

"La, mama."

"Alikwenda wapi?"

"Hakwenda popote."

"Yuko hapo barazani yuwanung'unika chai haijaja." Akamvuta binti yake akakaa karibu naye. "Matumbo ya kuzaa ndiyo yayaangushayo, na miaka. Si mdomo wa huyu. Muulize Sista."

Nikasema ni kweli, mimba yenyewe ndiyo inayobadilisha titi zaidi, anyonyeshe asinyonyeshe. Mama Mutinda, ambaye hadi hapo alikuwa kimya kwa shida, akasema kutoka mlangoni, "Yangu hayakunyonywa hata miezi miwili na yameanguka pia. Nikuonyeshe?"

"Ingia na hicho kikombe kabla hakijapoa," Bi Aziza akamwambia, "na yako yaweke huko huko ndani."

Tulimweka Swafiya aegemee mito, mkaja umefungwa upya ukikomea pale kiganja kilipokuwa kimeonyesha. Nikamwonyesha kumsogeza Sabri tumbo kwa tumbo, kungoja afungue mdomo mkubwa kama anapiga miayo, ndipo amlete kwenye titi, si titi kupelekwa kwake. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili alishika vizuri, na sote wanne tukasikia anameza. Kisha akapewa kikombe cha kahawa. Aliramba, akatema, akaramba tena, akamwaga nusu kwenye shingo yake, na alipomaliza alifumbua macho kutuangalia kama mtu aliyefika mahali.

Utaratibu ulikuwa huu, nanyi mnaweza kuutumia: titi kwanza, pande zote mbili, kila anapotaka, kikombe baadaye. Maziwa ya mama yakianza kurudi, mtoto mwenyewe hupunguza kikombe, na hapo ndipo mzazi hujua, si kwa kukadiria kwa macho ya jirani. Bi Aziza alisimamia titi. Mama Mutinda alikuja asubuhi kabla ya kwenda Kilindini na jioni akirudi, akatengeneza maziwa, na katikati ya siku Bi Aziza aliyatengeneza mwenyewe, akipitisha ukucha wake kwenye ukingo wa kijiko ili kisizidi wala kisipungue. Nilipita siku moja nilipoweza. Niliwakuta wamekaa wote wawili kwenye ngazi wakibishana kuhusu ndizi, mtoto aanze kupewa lini, kila mmoja na ushahidi wake. Sikuingilia.

Siku ya kupima ilipofika walikuja wote. Bi Aziza alimbeba mtoto, Swafiya alikuja nyuma akitembea polepole, na Mama Mutinda alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kazini, jambo ambalo hakuwahi kuomba kwa mtoto wake mwenyewe, alituambia. Upande wa dirishani na upande wa mlangoni wote waligeuza shingo, kwa kuwa habari za Kibokoni hufika kliniki kabla ya wagonjwa.

Nilimvua Sabri nguo. Daktari alisimama kando na faili, tayari ametoa kalamu ya kuandika barua ya kulazwa, ikihitajika. Swafiya alishika ukingo wa meza. Nilimweka mtoto kwenye mizani, namba zikacheza, zikatulia. Nikazisoma. Nikamtoa, nikamrudisha, nikazisoma tena, kwa sababu kwa jambo kama hilo mtu husoma mara mbili.

Alikuwa amepanda. Alikuwa amefikia uzito aliozaliwa nao na kuupita.

Daktari alirudisha kalamu mfukoni. Swafiya aliweka paji la uso juu ya meza. Bi Aziza alimnyakua mjukuu wake bila nepi, akamkumbatia kifuani, na Sabri, ambaye sasa alikuwa na cha kutoa, akamtiririkia leso mpya mbele ya kliniki nzima, kwa muda mrefu, bila haraka.

"Alhamdulillahi," Bi Aziza akasema, hakumtenga. "Mwana amekojoa!"

Mama Mutinda akainama kuangalia. "Sasa hayo, Bi Aziza, ni ya kopo au ni ya ziwa?"

"Ni yangu," Bi Aziza akajibu. "Kwani leso ni ya nani?"

Ndipo Swafiya alipoinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia anacheka.